Fundi Aliyeshuka Riat Akipiga Honi

Jumanne iliyopita, nikiwa bado napuliza chai ya asubuhi, simu ililia na upande wa pili nikamsikia mama mmoja muuza vipuri vya magari pale Mamboleo, mwanamke ambaye kwa kawaida sauti yake hunifikia kabla sijaipokea simu. Siku hiyo alinong'ona. "Bwana, yule fundi wetu ametuacha," alisema. "Ni ile gari yake. Kwa mteremko wa Riat." Nami sikuuliza swali hata moja, jambo ambalo wanaonijua watakwambia halijatokea tangu niachishwe ziwa. Sikuuliza kwa sababu nilijua. Nilijua ni gari lipi, nilijua ni mteremko upi, na, Mungu anisamehe, nilijua hata ni kitu gani kilikosekana ndani ya gari lile. Nilikuwa nimekijua kwa miezi mingi. Chai ilipoa mbele yangu mpaka ikafanya utando.

Jina la marehemu sitalitaja. Wasomaji wa safu hii walio huku Kisumu kando ya ziwa hawalihitaji, na walio mbali halitawafaa kitu. Tulikutana katika masomo ya jioni, enzi zile tulipokuwa wanaume wazima wenye ndevu, tumejibana kwenye madawati ya watoto tukikitafuta cheti cha kidato cha nne. Mimi mchana nilikuwa nauza viatu vya mitumba. Yeye alikuwa tayari fundi wa injini, na kila ukurasa wa daftari lake ulikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba kama hati ya kiapo. Kiswahili nilimsaidia. Fizikia alinibeba mgongoni kama gunia la omena, dagaa wetu wa ziwani. Nakumbuka mwalimu alituuliza: gari likienda kwa kasi maradufu, litahitaji umbali mara ngapi ili lisimame? Darasa zima tukapiga kelele, "Mara mbili!" Yeye peke yake akasema, bila hata kuinua kichwa, "Mara nne, Mwalimu," kisha akaenda ubaoni akatuonyesha kwa nini. Naliweka hili mapema ili mtu asije akasema rafiki yangu hakujua. Alijua kuliko sisi wote, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Gari lenyewe lilikuwa kigari cheupe cha milango mitano, ule wa nyuma ukifunguka kwenda juu kama kinywa cha kiboko, kizee kiasi kwamba nina hakika Nuhu alikiacha nje ya safina kwa kukosa nafasi. Kilikuwa na injini ya lita moja, ya kuendea sokoni na kanisani, na kwa kazi hizo kilitosha. Tatizo ni kwamba huku kwetu gari halipimwi sokoni. Gari hupimwa siku ya kusindikiza maiti. Msafara unatoka mochari mjini kwenda nyumbani kwa marehemu, taa zimewashwa mchana kweupe, matawi yamefungwa mbele, honi zinalia, na kila dereva anataka kuwa karibu na gari la jeneza, maana anayefika pamoja na marehemu ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wake. Siku mjomba aliyemlea fundi wetu alipopelekwa Bondo, nilipanda katika kigari kile. Tulipofika vilima vya baada ya Kisian, magari yakaanza kutupita moja baada ya jingine. Likatupita lori la mahema na sufuria. Naapa tulipitwa hata na baiskeli iliyobeba mbuzi, na mbuzi akageuka kututazama kwa huruma. Tulipowasili, jeneza lilikuwa limekwisha kupokewa na kilio cha kwanza kimepita, na mahali pa fundi wetu pembeni mwa jeneza pameshikwa na binamu asiyeweza hata kutofautisha plagi na betri.

Binamu huyo ndiye aliyepaza sauti, akimwita kwa lugha yetu mtu wa Bondo. "Ja-Bondo! Mjomba amekufa na bado amefika mbele yako!" Watu wakaangua kicheko, kwa sababu matanga ya kwetu hayakosi kicheko. Mwingine akadakia, "Wewe ni fundi wa magari ama fundi wa kushona?" Yeye akacheka pamoja nao, akapiga makofi, akasema ndiyo, alikuwa amesimama njiani kushona suti. Lakini nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye, na niliona misuli ya taya ikicheza. Kesho yake tulirudi mjini. Tulipoagana ndipo akaniambia, "Omera, ndugu yangu, hiyo haitatokea tena." Nilidhani ananiambia atawahi kuondoka.

Injini aliipata kutoka kwa gari la saluni lililogongwa nyuma likafa huku sehemu ya mbele iko nzima: karibu lita mbili, nzito kama dhambi ya askofu. Watu hudhani kubadilisha injini ni kama kubadilisha shati. Nilimtembelea mara kadhaa akiwa kazini, na nakuhakikishia, msomaji wangu, kwamba daktari wa upasuaji ana raha. Alikata vishikizo vya zamani akachomelea vipya. Alihamisha betri akaipeleka nyuma kwenye buti. Rejeta ikakosa nafasi, akaisogeza mpaka ikakaribia kutoka nje kuomba msaada. Nyaya alizifuata moja moja kwa kalamu na karatasi, jinsi alivyofuata hesabu za fizikia. Boneti ilipokataa kufunga, aliigongagonga mpaka ikaota nundu. Ile siku aliyolishusha gari kutoka kwenye jeki, mafundi wote wa jirani waliacha kazi wakaja kutazama. Jeki ikalegea, magurudumu yakagusa chini, halafu pua ya gari ikaendelea kushuka. Ikashuka, ikashuka, ikakaa pale chini kama fahali anayenusa ardhi kabla ya kupiga pembe. Mafundi wa Mamboleo, ambao hubishana hata na redio, wakarudi nyuma hatua moja.

Aliyesogea mbele ni yule mama wa vipuri, ambaye kibanda chake kinatazamana na gereji. Aliinama akachungulia kwenye gurudumu la mbele, akainuka akijifuta mikono kwenye leso.

"Baba, umeweka moyo wa ng'ombe kwa kifua ya kuku."

"Huyu kuku ataruka, Mama."

"Sawa, ataruka. Na akitaka kutua? Si breki ni ile ile ya kuku?"

"Breki ziko. Ni zako hapo ndani umezikalia."

Kweli zilikuwapo. Mama huyo alikuwa amezinunua breki za lile lile gari la saluni, diski pana kama sahani za wageni, na alitaka fundi wetu azichukue. Lakini diski zile hazingeingia ndani ya rimu ndogo za kigari kile. Ilibidi kwanza rimu kubwa zitafutwe, na tairi zake, na bati la juu ya tairi likatwe kidogo. "Rimu zikipatikana, hiyo ni kazi ya siku moja tu," alisema fundi, na kwa mikono yake alikuwa anasema kweli. Mama akazitia breki ndani ya gunia, akaandika juu yake kwa chaki, akalisukuma chini ya meza. "Zinakungoja," alisema. Wiki iliyofuata fundi wetu akanunua kitu kipya kwa ajili ya gari lake. Nilikimbilia kuona kama ni rimu. Ilikuwa egzosti, ya kunguruma, na honi ya sauti tatu.

Usicheke haraka. Mimi sikucheka, mimi nilishangilia, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Baada ya muda shangazi yake akafariki, msafara ukatoka tena kwenda Bondo, na safari hii kigari cheupe kilikuwa nyuma ya jeneza kama mkia. Mtu akijaribu kuingia kati, injini inanguruma, pua inainuka, yule mtu anabaki akila vumbi. Vilima vilevile vilivyotuaibisha vilitoweka chini yetu. Jioni tulipokuwa tumekaa kwenye mahema, muziki ukasimamishwa kwa ile desturi yetu ya kujitapa na kusifiana, mtu anasifiwa mbele ya umati mpaka mabega yake yanapanuka. Mshika maikrofoni akauliza, "Nani huyu anayefika kabla ya vumbi lake?" Na ni nani aliyeruka kumpokonya ile maikrofoni? Mimi. Nikasema huyu ndiye shemeji wa upepo. Nikasema akipita barabarani, sangara ziwani wanainua vichwa kuulizana ni nini hicho. Nikasema polisi wa barabarani waliacha kumsimamisha kwa sababu wakinyanyua mkono wanaona amekwisha kuwa wilaya nyingine. Umati ukalipuka. Wiki ile ile nikayaandika yote katika safu hii, baadhi yenu mliniandikia kunipongeza, naye akalikata gazeti akalibandika ukutani katika gereji yake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu tulipomsifu hakutia maji, alikanyaga mafuta.

Baada ya hapo nani angemwambia kitu? Mara ya mwisho kupanda gari lile tulikuwa tunatoka Kiboswa kuja mjini. Anayeijua barabara hiyo anajua jinsi Riat inavyokumwaga: kwanza unaliona ziwa lote limelala chini yako, ndipo unagundua kwamba unalielekea kwa kasi. Nilikuwa nikipiga domo kama kawaida, mara nikasikia harufu, ya kitu kama nywele na mpira vinaungua pamoja. Nikamuuliza ni nini. "Ni gari tu inanuka gari," akajibu. Nikaona mguu wake unapigapiga kanyagio la breki, haraka haraka, kama mtu anayemwamsha aliyezimia. Akaingiza gia ndogo, injini ikapiga ukelele, mwendo ukapungua kidogo. Tulipofika kwenye tambarare ya Mamboleo alisimamisha pembeni, akashuka, akatazama magurudumu ya mbele. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka humo ndani, mzuri kabisa, kama moshi wa jiko la mtu anayechemsha chai. Tukakaa kwenye jiwe mpaka ukaisha. "Usimwambie mama watoto," alisema. Nikamwambia, "Nimwambie nini? Mimi nimeona ubani." Tukacheka. Nakumbuka kwamba kicheko chake kilikwisha kabla ya changu.

Na mama watoto aliniuliza. Hili sijawahi kumwambia mtu. Haikupita hata wiki mbili, nikakutana naye mtaani Manyatta, ametoka kununua sukuma wiki, akaniita kando ya njia. Si mwanamke wa maneno mengi. "Shemeji," alisema, "wewe umepanda hiyo gari. Yeye nikimuuliza ananiambia mambo ya injini. Nataka kuuliza wewe: iko salama? Kwa sababu nyumbani kwetu yeye ndiye nguzo, na watoto wako tatu, na mimi usiku nikisikia hiyo honi inaingia plotini ndio nalala." Alikuwa akiniangalia machoni. Swali lilikuwa moja na jibu lilikuwa moja, neno la herufi nne ambalo hata mtoto wa chekechea analiweza: bado. Badala yake nikaupanua mdomo wangu huu uliofunzwa kuchekesha na nikasema, "Shemeji, gari hiyo ikipita hata malaika wanafunga mikanda!" Akacheka. Alitaka kucheka, maskini, alikuwa anatafuta mtu wa kumpa ruhusa. Akaniambia, "Haki wewe," akaondoka na mboga zake, mabega yamelegea kwa nafuu. Nilimtazama mpaka akakata kona.

Sasa sikiliza habari za Jumatatu, siku moja kabla ya ile simu, jinsi nilivyosimuliwa na wanaouza nyanya kwenye kitako cha ule mteremko. Ilikuwa saa tano mchana. Fundi wetu alikuwa amepanda Kiboswa kumwokoa mteja, na alikuwa anarudi na giaboksi ya mteja huyo ndani ya buti, juu ya ile betri, chuma juu ya chuma. Kwanza walisikia honi. Ile ya sauti tatu. Halafu wakaiona pua nyeupe juu ya kilima, taa zote zimewaka, honi hailegei hata kupumua. Na unajua walifanya nini? Walishangilia. Dada mmoja aliniambia akilia kwamba yeye mwenyewe alisimama juu ya kreti akapunga leso. "Sisi tulijua ni yeye na mambo yake," alisema. "Tulisema leo Ja-Bondo ameamua. Tulimpigia makofi, Baba. Watu hawakutoka barabarani, walikaribia kuona." Mtu alikuwa anashuka na kifo, anawaomba wampishe kwa sauti kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na sauti hiyo tulikuwa tumekwisha kuwafundisha kwamba maana yake ni sherehe. Alipoona hawatoki, alikata usukani akalielekeza gari kwenye ukuta wa udongo na mawe ulio upande wa juu. Hakuna muuza nyanya aliyepata hata mkwaruzo. Yeye hakufika hospitali. Mama wa vipuri alikwenda kulitazama gari, na aliniambia pedi za breki zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kimekula chuma, na kanyagio limezama sakafuni kama lilivyokanyagwa na aliyekanyaga kwa maisha yake yote.

Nimejaribu wiki hii kumlaumu yeye, na imenishinda. Tazama tunavyoishi. Mtu akiongeza ghorofa tunampigia vigelegele. Yupo aliyewahi kumsifu jirani kwa kuchimba msingi? Kijana akifungua duka la tatu tunamwita simba, na anayefunga moja ili alale usingizi tunauliza amepatwa na nini. Mji wetu huu nao umeongezewa injini: barabara pana, majengo yanayochungulia mawingu, watu wanaingia kila siku kutoka kila upande wa magharibi ya nchi kutafuta riziki, na mimi ni wa kwanza kujitapa nikiwa ugenini kwamba Kisumu si ile mliyoizoea. Lakini mvua ikinyesha mitaro ni ile ile ya zamani, na maji yakiingia Manyatta tunashangaa kana kwamba hatukujua. Tunajua sana. Kwenda kuna sauti, kusimama hakuna. Hakuna aliyewahi kusimamishiwa muziki kwa sababu breki zake zinashika. Rafiki yangu alikuwa mwerevu kuliko sisi wote, akanunua kile tulichokuwa tunakipigia makofi, na kile kisichopigiwa makofi akakiahirisha, kwa sababu ilikuwa kazi ya siku moja tu.

Tulimzika Jumamosi. Ningependa kukuambia kwamba msafara wake ulikwenda kwa adabu. Haukwenda. Tulipovuka Kisian taa ziliwaka, honi zikaanza, gari moja likalipita jingine kwenye kona, na nyuma yetu nikasikia injini fulani ikinguruma kuwania nafasi karibu na jeneza. Nilimwambia dereva wetu apunguze mwendo. Akanitazama kwenye kioo akacheka, "Ai, Mzee! Na ni wewe wasema hivyo?" Mjane alikuwa gari la mbele. Wakati wa kutia udongo kaburini nilimwendea kumwambia yale ya Manyatta, nikiwa nimeyapanga maneno vizuri. Akaniwahi. "Shemeji," alisema, "wewe uliniambia malaika wanafunga mikanda." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma risiti kuthibitisha tu kwamba ndicho alichopewa. Maneno niliyoyapanga nikarudi nayo nyuma ya umati.

Juzi nilikuwa Mamboleo, kwenye kibanda cha yule mama, akaja mwanamume wa makamo, amevaa tai, mwalimu wa shule fulani ya huko Bondo. Ana kigari kidogo cha milango mitano. Anatafuta injini ya karibu lita mbili. Mama alinitazama mimi. Mwalimu akageuka, akanitambua kwa picha ya gazeti, uso ukamng'aa. "Kumbe ni wewe! Hebu niambie, Bwana, ile gari ya marehemu ilikuwa inakimbia kweli, ama ni kalamu yako?"

"Ilikuwa haisimami," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika meza. Alidhani ndiyo nimeanza. Nikangoja amalize, nikamwambia tena, polepole, ilikuwa haisimami, Mwalimu, na mimi nilijua, na mkewe aliniuliza. Akajaribu kucheka kidogo. Nikamwambia mara ya tatu. Ndipo tabasamu lilipomtoka usoni, akavuta kiti akakaa, na kwa sauti ndogo akamuuliza mama breki za gari kama lake zinakuwaje. Hiyo ndiyo elimu niliyoipata mwaka huu, na sikuipata darasani: mwenye kipaji cha kuchekesha watu ana deni la ziada, nalo ni kwamba siku anapoulizwa habari ya uhai wa mtu, ajibu swali lenyewe, na asiondoke pale mpaka ahakikishe hakuna anayecheka.